Kwenye diski ya Unix ya zamani, andika sekta, usiandike majina

Niliwahi kuua Solaris nzima, ile Unix ya kampuni ya Sun, kwa kukubali swali moja. Diski ilikuwa na patisheni, yaani kipande cha diski, ya Solaris ya x86 (ya PC) na nafasi tupu pembeni yake, nikataka kuweka Linux kwenye ile nafasi tupu. Kisakinishi kikachungulia diski, kikaniambia kimeona swapu (sehemu ya diski ya kusaidia RAM) ipo tayari, je, kiitumie? Nikaona vizuri, kazi imepungua. Mashine ilikuwa na RAM ya megabaiti 64, kwa hiyo haikuchukua muda kabla kerneli (kiini cha mfumo) haijaanza kumwaga kurasa za kumbukumbu kwenye hiyo "swapu".

Haikuwa swapu. Katika jedwali la patisheni la PC kila patisheni ina baiti moja ya kutaja aina yake, na kwa hesabu ya heksa (msingi wa 16) swapu ya Linux ni 82. Solaris ya x86 nayo ilikuwa 82. Solaris 10 ndiyo iliyohamia BF, lakini yangu ilikuwa ya kabla ya hapo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwa nje kila kitu kilionekana kizima. Lebo ya Solaris, jedwali lake la ndani la mipaka, hukaa kwenye sekta (kipande cha baiti 512) ya pili ya patisheni, na mkswap, programu ya kuandaa swapu, niliyokuwa nayo iliziacha baiti 1024 za mwanzo bila kuzigusa. Lebo ikabaki nzima huku vilivyomo vikiwa vimesagwa. Nikaendesha fsck, programu ya kukarabati mfumo wa mafaili, kwa kutumia superbloku (maelezo makuu ya mfumo huo) ya akiba iliyopo bloku ya 32. Baadhi ya mafaili yalirudi, mengi yakiwa ndani ya lost+found bila majina, namba tupu. Nilikaa jioni kadhaa nikifungua faili moja moja kujua ni la nini.

Tangu siku hiyo, diski ya zamani ikifika mikononi mwangu, kabla ya lolote nachukua karatasi na kuandika mambo mawili kwa kila patisheni: inaanzia sekta gani, na ina sekta ngapi. Jina la kifaa, herufi, namba ya silinda (kundi la sekta), baiti ya aina, vyote naviandika pembeni kama maelezo. Hivyo ni maoni ya programu fulani kuhusu diski, na programu mbili zinaweza kutofautiana kwenye diski ileile. Kuhusu sekta ya 208845 hazina cha kubishania.

Ukitaka kuelewa kwa nini maoni ni mengi hivyo, rudi kwenye Unix ya miaka ya 1970 kwenye kompyuta za PDP-11. Wakati huo diski yenyewe haikubeba jedwali lolote. Mipaka ya patisheni iliandikwa ndani ya draiva (programu ya kuendesha kifaa), kwenye msimbo wa C, kama safu ya namba: bloku ngapi, kuanzia silinda ipi. Biti tatu za chini za namba ndogo ya kifaa zilichagua patisheni, zilizobaki zikachagua diski, na ndiyo maana unakuta patisheni nane kila mahali. Ukitaka mipaka mingine, unahariri draiva na kujenga kerneli upya. Ukiihamishia diski hiyo kwenye mashine yenye kerneli nyingine, data ipo palepale ila mipaka ni ya watu wengine. Ni toleo la Unix la 4.3BSD-Tahoe la mwaka 1988 lililoleta lebo inayokaa juu ya diski yenyewe, na desturi ya herufi ikaingia humo: a ni mzizi, b ni swapu, c ni diski nzima. Ukiona c inapishana na zote usishtuke wala usiirekebishe. Na tafadhali usiifomati.

Kwenye PC ugomvi ni wa silinda. Bayosi (programu za kuwashia PC) za zamani zilihesabu kwa silinda, vichwa na sekta, na kila upande ulikuwa na kikomo chake. Ukichanganya vikomo vya bayosi na vya IDE (njia ya kuunganisha diski) unabaki na silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti 528,482,304 basi. Kukwepa kikomo hicho, bayosi zikaanza kudanganya kuhusu idadi ya vichwa. Hakuna diski ya kawaida yenye vichwa 255, lakini fdisk ya zamani ya Linux, programu ya kupanga patisheni, itakuambia bila aibu kwamba silinda moja ni sekta 16065, yaani 255 mara 63. Sasa ichomoe diski hiyo uiweke kwenye mashine inayoamini vichwa ni 16. Silinda huko ni sekta 1008. "Silinda ya 14" (fdisk huzihesabu kuanzia 1) kwenye mashine ya kwanza inaanzia sekta ya 208845. Kwenye ya pili inaanzia 13104. Aliyeandika kwenye daftari lake "/usr inaanzia silinda 14" hajaandika kitu.

Kwa hiyo kwenye fdisk ya zamani ongeza -u, fdisk -lu, ikupe sekta. Ukiisahau, utaona alama ndogo ya kujumlisha pembeni ya idadi ya bloku. Maana yake patisheni ina idadi ya sekta isiyogawanyika kwa mbili na fdisk imekatia nusu. Watu wengi wameipita alama hiyo miaka nenda rudi, nami nikiwa mmoja wao, mpaka nilipojaribu kujenga jedwali upya kutokana na bloku na kila mpaka ukatoka na pengo la sekta moja.

Kuhusu kuhifadhi jedwali. Wengi hunakili sekta ya kwanza kwa dd (programu ya kunakili baiti), baiti 512, na kulala usingizi. Sekta hiyo ina baiti 446 za programu ya kuwashia, baiti 64 za maingizo manne ya patisheni, na mbili za sahihi. Mambo mawili hapo. Kwanza, patisheni za ndani, hda5 na kuendelea (hda ni diski, 5 ni namba ya patisheni), hazimo. Zimeandikwa kama mnyororo ndani ya ile patisheni kubwa inayozibeba, kila moja ikielekeza kwa inayofuata. Pili, ukirudisha baiti zote 512 kwa sababu tu kiwashio kimeharibika, unarudisha na jedwali la wakati ule, hata kama umeshalibadilisha. Kurudisha kiwashio peke yake tumia bs=446. Kwa jedwali lenyewe napendelea sfdisk -d, kwa sababu inatoa maandishi ya kawaida, na maandishi hayo nayachapisha kwenye karatasi. Bekapu ya jedwali ikikaa kwenye diski hiyohiyo haitakufaa siku unayoihitaji.

Mnyororo huo wa patisheni za ndani umewahi kunichekesha pia. Nilikuwa na hda5 isiyotumika, hda6 ikiwa /var, na hda7 ikiwa /home. Nikaifuta hda5. Namba za ndani hufuata mpangilio wa mnyororo, basi wote nyuma yake wakasogea: /var ikawa hda5, /home ikawa hda6. Fstab, orodha ya nini kipachikwe wapi, haikuambiwa. Mashine ilipowaka ikaipachika /home juu ya /var, na huduma zikaanza kutafuta kumbukumbu zao katikati ya picha na barua zangu. Hakuna sekta iliyohama hata moja. Majina tu.

Draiva nazo hubadilisha majina. Wanaokumbuka mwaka 2007 hivi wanakumbuka Linux ilipohamisha diski za IDE kwenda kwenye draiva mpya za libata, na hda ikaamka siku moja ikiitwa sda. Fstab ilikuwa tatizo dogo. Draiva ya zamani ilitenga namba ndogo 64 kwa kila diski, ikiwa na maana ya patisheni 63, na ile ya sd, inayotoa majina kama sda, ilitenga 16, yaani 15. Nilikuwa na diski ya majaribio yenye patisheni 18, na baada ya kusasisha tatu za mwisho zikatoweka. Nilikaribia kuzitengeneza upya! Karatasi ndiyo iliyoniambia kwamba zipo na kwamba draiva ndiyo isiyo na majina ya kuzipa. Kwenye mashine za Sun za aina ya sun4c kuna kichekesho kingine: kerneli ya kawaida ya SunOS 4, mfumo wa Sun wa kabla ya Solaris, iliita sd0 ile diski ya SCSI yenye namba 3, na yenye namba 0 ikaiita sd3. Fikiria mtu anayefomati "diski ya kwanza" kwa kuangalia swichi za nyuma ya diski.

Na ukiwa bado kwenye Sun: lebo ya mashine za SPARC (prosesa ya Sun) iko sekta ya 0 ya diski, na slaisi (patisheni kwa lugha ya Sun) ya kwanza kwa kawaida inaanzia silinda 0, kwa hiyo lebo iko ndani ya slaisi. UFS, mfumo wa mafaili wa Unix hizi, haina shida, superbloku yake inaanzia baiti ya 8192 na nyuma ya hapo haigusi. Lakini ukiipa hifadhidata slaisi hiyo kama kifaa ghafi, bila mfumo wa mafaili, inaanza kuandika baiti ya kwanza, na lebo imekwenda. Acha silinda ya kwanza wazi. Hasara yake ni ndogo mno.

Kwenye familia ya BSD kwa PC kuna jedwali ndani ya jedwali: patisheni ya PC nje, na lebo yenye herufi ndani. Swali la kujiuliza ni sifuri iko wapi. NetBSD na OpenBSD huhesabu kutoka mwanzo wa diski nzima. Bsdlabel ya FreeBSD hukuonyesha hesabu kutoka mwanzo wa ile patisheni ya PC. Andika kwenye karatasi ni ipi, la sivyo mwezi ujao utakuwa unakisia.

Diski ikiwa na dalili za ugonjwa, usiisome kwa kuipachika. Ichukulie taswira (nakala kamili ndani ya faili), na ufanye kazi yako juu ya taswira. Kama una dd tu, weka conv=noerror,sync pamoja. Ukiweka noerror pekee, kila sekta mbovu inarukwa bila kuachiwa nafasi yake, na vyote vinavyofuata vinasogea kuelekea mwanzo, hivyo hesabu yako ya sekta haina maana tena. Tena tumia bs=512 kwenye sehemu mbovu, maana kwa bloku kubwa kosa la sekta moja linaweza kukunyima majirani zake wote. Ni polepole, vumilia. Baada ya hapo patisheni inayoanzia sekta ya 208845 unaipachika kwa kusoma tu, na offset (baiti za kuruka) ya 208845 mara 512, yaani 106928640. Kama ni UFS, Linux inataka pia uitajie ni ya ukoo gani: ufstype=44bsd, au sunx86 kwa Solaris ya PC. Ukikosea inakataa tu, haiharibu, mradi umeweka ro (kusoma tu).

Siku niliyoihitaji kweli karatasi yangu, sikuwa na iliyo ya karibuni. Nilitaka kuandika sekta moja kwenye hdc, vidole vikaandika hda, diski iliyokuwa inaendesha mashine. Jedwali likafutika. Mashine ikaendelea kama hakuna kilichotokea, kwa sababu kerneli husoma jedwali mara moja na kulishika kichwani. Karatasi iliyokuwepo ilikuwa ya mpangilio wa zamani. Basi sikuzima kitu, sikufunga programu hata moja. Nikaenda /sys/block/hda, ambako kerneli huonyesha inachokijua, nikasoma faili la start na la size kwa kila patisheni, nikayaandika kwa mkono. Patisheni kubwa inayobeba za ndani ilisema urefu wake ni sekta mbili. Huo si urefu wake, kerneli huionyesha hivyo. Urefu halisi nikauhesabu kutoka mwanzo wake hadi mwisho wa patisheni ya ndani ya mwisho. Za ndani zenyewe sikuziandika kabisa, kwa sababu mnyororo wao haukuguswa, na ukishaelekeza mwanzo wa ile kubwa mahali pake zinarudi zenyewe.

Nikaandika maingizo manne, nikizihesabu sekta mara mbili. Programu ikalalamika kwamba kerneli imekataa kulisoma jedwali upya kwa kuwa diski inatumika, jambo ambalo kwa mara ya kwanza maishani nililipokea kwa shukrani. Nikalisoma tena kwa fdisk -lu na kulilinganisha na /sys mstari kwa mstari. Kisha nikakumbuka kwamba na zile baiti 446 za kiwashio zilikwenda, nikaendesha lilo, programu inayoandika kiwashio upya. Halafu nikakaa kama dakika tano nikiangalia skrini kabla ya kuandika reboot.