Kiwewe, sonona na asilimia za VA

Maswali ya safari hii yametoka kwa Wakenya na Watanzania waliotumikia jeshi la Marekani. VA ni idara ya Marekani ya wanajeshi wa zamani; humlipa aliyeumia jeshini kwa asilimia ya ulemavu wake.

Nina PTSD (kiwewe) na sonona. Je, nitapewa asilimia mbili?

Hapana. Hupimwa pamoja, unapewa moja: 0, 10, 30, 50, 70 au 100. Kinachopimwa ni jinsi maradhi yanavyokukwamisha kazini na katika kuishi na watu. Jina la ugonjwa peke yake halipandishi kitu.

Nilikwenda kwenye uchunguzi wa daktari wa VA, nikapata 30. Mke wangu anasema nilistahili zaidi.

Ndugu yangu, daktari alipokujulia hali ulimjibuje? Sisi tumelelewa kuitikia "sijambo" hata homa ikiwa imepanda, kisha ndipo tutaje maumivu. Mpimaji huandika ile sijambo, na muda ukiisha umekwisha.

Usitie chumvi, ila usifiche. Eleza na siku zile mbaya. Asilimia 30 ni ya mtu anayeyumba kazini mara moja moja. Kwenye 50 utendaji wenyewe umeshuka, mathalani hofu kali ya ghafla inakushika zaidi ya mara moja kwa wiki. Kwenye 70 karibu kila upande wa maisha umevurugika, na mawazo ya kujiua yametajwa humo waziwazi. Mkeo ndiye anayekuamsha ukipiga kelele usingizini, basi aandike anayoyaona. Maelezo yake ni ushahidi. Yapeleke pamoja na dai la nyongeza (Supplemental Claim) kabla mwaka 1 haujapita tangu tarehe ya barua ya uamuzi, usije ukapoteza malipo ya nyuma.

Nina 70 ya kiwewe na 30 ya mgongo. Si 100 hiyo?

Sivyo wanavyojumlisha. Ukitoa 70 kwenye 100, zimebaki 30. Asilimia 30 ya hizo ni 9. Inakuwa 79, wanaikamilisha kuwa 80. Lakini kama kiwewe kinakuzuia kushika kazi ya kukuweka mjini, omba ulipwe kwa kiwango cha 100. Njia hiyo ipo, na wengi hawaiombi.

Nikirudi Kisumu, malipo yatakatika?

Hayakatiki. Wajulishe anwani mpya.

"Sioni sababu ya kuendelea."

Aliyeandika mstari huu hakuuliza swali. Ndugu, piga 988, simu ya Marekani ya msaada kwa anayefikiria kujiua, kisha bonyeza 1, upande wa wanajeshi wa zamani, sasa hivi, iwe usiku au mchana. Hawatakuuliza asilimia zako.