Mambo Anayoyatafuta Msomaji Katika Ukurasa wa Mwandishi

Waandishi wanaoanza hapa Tanga, wengi wao wakiwa walimu au wahitimu wa vyuo waliokwisha kuchapa diwani ya kwanza au riwaya fupi, huniletea dukani wasifu waliouandaa kwa ajili ya mtandao na kuniomba niupitie kabla haujawekwa hadharani. Mimi nauza vitabu Ngamiani, na kwa kuwa wateja wengi huuliza habari za mwandishi kabla ya kutoa fedha zao, nimepata kuyafahamu kwa karibu maswali yao. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na maswali hayo. Msingi wake ni kwamba mtu anayefungua ukurasa wa mwandishi huwa amekuja na swali mahususi, na mara nyingi swali hilo huhusu vitabu kabla halijamhusu aliyeviandika.

Mfikirie msomaji aliyemaliza kitabu chako jana usiku na kukipenda. Anataka kujua kama umeandika kingine, kama hadithi ile inaendelea, na ni kipi akisome baada ya hiki. Akifungua wasifu wa kawaida wa mwandishi chipukizi, hukutana kwanza na mahali ulipozaliwa, kisha shule ya msingi, sekondari, chuo na semina ulizohudhuria, na vitabu vinatajwa katika sentensi ya mwisho bila mwaka wala jina la mchapishaji. Mpangilio huo unafaa barua ya kuombea kazi. Katika ukurasa wa mwandishi, orodha ya vitabu ndiyo inayostahili kukaa juu, ikitanguliwa na sentensi mbili au tatu tu zinazosema wewe ni nani na unaandika nini.

Orodha hiyo nawaomba muiandike kwa uangalifu mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila kitabu kipewe jina lake kamili kama lilivyo kwenye jalada, aina yake, yaani riwaya, tamthilia, diwani au hadithi za watoto, mchapishaji wake, mwaka wa kuchapwa na nambari ya ISBN. Nambari hiyo, ambayo tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13 badala ya 10, hutofautisha toleo moja na jingine, nasi wauzaji tunaitegemea sana tunapoagiza. Vitabu vingi vya Tanzania vina 9976 au 9987 baada ya tarakimu tatu za mwanzo, hivyo mteja akinitumia nambari nzima ninajua mara moja kwamba ninatafuta kitabu cha nyumbani na toleo gani hasa. Iwapo vitabu vyako vinafuatana, eleza wazi kipi ni cha kwanza, kipi cha pili, na kama kila kimoja kinaweza kusomwa peke yake. Iwapo kitabu kilichapwa upya kwa jina jingine, sema hivyo bila kuficha, kwa sababu hakuna jambo linalomuudhi msomaji kama kununua kwa jina jipya hadithi anayoimiliki tayari. Kitabu kilichokwisha sokoni kitajwe pia, pamoja na maelezo kwamba hakipatikani madukani, ili anayekihitaji aende kukiulizia maktaba. Kuhusu vitabu vijavyo, vitaje tu vile ambavyo mswada wake umekwisha kupokewa na mchapishaji. Msomaji huishika ahadi ya mwandishi na kurudi kuiulizia.

Jina lako nalo linahitaji uamuzi wa mapema. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wetu mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, huandikwa katika vitabu na maktaba mbalimbali kwa tahajia zaidi ya moja, pengine na neno bin katikati. Yeye hapotei, kwa kuwa umaarufu wake unambeba. Wewe unayeanza, ukijiita kwa majina mawili kwenye jalada, matatu kwenye wasifu na jina la utani kwenye mitandao ya kijamii, utakuwa umemgawia msomaji waandishi watatu. Yako pia majina yanayofanana, na katika pwani yetu, ambako akina Juma, Salim, Mwanaidi na Asha ni wengi, jambo hili hutokea sana. Katika Goodreads, mtandao wa wasomaji ulioanza kufanya kazi mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, vitabu huweza kuingizwa na wasomaji wanaojitolea, na waandishi wawili wenye jina lile lile hujikuta katika ukurasa mmoja mpaka mtu ajitokeze kuwatenganisha. Mwandishi anaweza kuomba atambuliwe kuwa mmiliki wa ukurasa wake na kuomba makosa hayo yasahihishwe. Fanyeni hivyo mapema, hata kama mna kitabu kimoja.

Swali linalofuata, ambalo kwetu huku mikoani lina uzito wa pekee, ni mahali pa kukipata kitabu. Kurasa nyingi huandika kwamba kitabu kinapatikana katika maduka yote ya vitabu. Sisi wenye maduka tunajua kwamba kauli hiyo si kweli, na msomaji wa Lushoto, Handeni au Pangani anajua zaidi yetu, kwa sababu ndiye aliyekitafuta akakikosa. Taja duka kwa jina na mji wake, taja bei ya sasa, eleza kama malipo hupokelewa kwa simu, na eleza kama nakala inaweza kutumwa kwa basi na nani atalipia usafirishaji. Ikiwa kuna kitabu pepe, sema kama kinasomeka kwenye simu ya kawaida au kinahitaji programu maalumu. Kwa maoni yangu sehemu hii fupi huleta mauzo mengi kuliko sifa zote zilizoandikwa chini yake, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Baada ya hapo msomaji huwa tayari kukujua wewe mwenyewe, na hutaka zaidi kujua uhusiano wako na yale uliyoyaandika. Aliyeandika riwaya ya mashamba ya mkonge akieleza kwamba alikulia katika kambi ya wakata mkonge upande wa Muheza, au aliyeandika kuhusu wavuvi akieleza kwamba wazee wake walivua Sahare, humpa msomaji sababu ya kumwamini katika mambo madogo ya hadithi. Anayeandika kuhusu maisha asiyoyaishi anaweza kueleza aliyajuaje, kwa kuuliza, kwa kusoma au kwa kukaa na watu wanaoyaishi, na maelezo hayo huheshimiwa vilevile. Idadi ya watoto wako, kabila la mwenzi wako na mtaa unaoishi si lazima viwepo. Andika kwa nafsi ya tatu, kwa kuwa walimu, waandaaji wa matamasha na wauzaji kama mimi hunakili maneno hayo yalivyo, na uwe na matoleo mawili: la maneno kama 50 kwa ajili ya jalada na mabango, na la maneno kama 200 kwa anayetaka kujua zaidi.

Sifa ziwe za ukweli na zenye mipaka. Ukiwa umetajwa katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, andika mwaka, kipengele na nafasi uliyoipata, na kama uliingia tu katika orodha ya waliofikiriwa, andika hivyo hivyo. Neno gwiji au nguli waachie wengine waliseme. Kurasa za Wikipedia ya Kiswahili nazo msijiandikie wenyewe, kwa kuwa wahariri wake hawapendi mtu aandike habari zake mwenyewe, na makala ya namna hiyo huweza kufutwa.

Picha moja iliyo wazi inatosha. Jambo kubwa ni uzito wa ukurasa. Wasomaji wetu wengi hufungua mtandao kwa simu na kwa bando dogo la siku, na ukurasa uliojaa majalada makubwa na video huwamalizia bando kabla hawajafika kwenye orodha ya vitabu. Weka sehemu ya sura ya kwanza, kurasa mbili au tatu, katika maandishi ya kawaida yanayofunguka upesi. Mtu akisoma sentensi zako mwenyewe hupata kipimo ambacho hakuna maelezo yanayoweza kumpa.

Kundi ambalo wengi hawalitarajii ni wanafunzi na walimu wa fasihi. Mwanafunzi hutafuta tarehe ya kuzaliwa kwa mwandishi, mazingira ya kitabu na kazi nyingine alizoandika, kwa sababu hayo ndiyo anayoyahitaji katika uhakiki. Mwalimu hutafuta njia ya kukualika shuleni. Wawekee anwani ya barua pepe na namba ya simu iliyotengwa kwa kazi ya vitabu, mbali na ile ya familia, na useme ni lini unajibu. Ukiona huwezi kujibu kila mtu, andika majibu ya maswali yanayorudiwa mara nyingi na uyaweke hapo hapo kwenye ukurasa.

Mwisho wa ukurasa andika mwezi na mwaka ulipoupitia mara ya mwisho, kisha uupitie tena kila kitabu kinapotoka, kila bei inapobadilika na kila duka linapoacha kukiuza.