Rachmaninoff kwa masikio ya mpiga kinanda wa kwaya

Nimepiga kinanda katika kwaya ya kanisani kwetu kwa miaka 12, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilijaribu kuwapenda watunzi wakubwa wa Ulaya nikashindwa. Niliweka masikioni koncheto ya piano, yaani utungo mrefu ambamo mpiga piano mmoja anakaa mbele ya okestra nzima, nikasubiri kasi ya vidole inishangaze. Dakika kumi hazijatimia, nimeshasinzia. Aliyenifungua masikio ni Mrusi Sergei Rachmaninoff, kwa koncheto yake ya pili. Kama nawe umewahi kukata tamaa, ushauri wangu ni huu: usimfuate mpiga piano pale anapong'ara. Mfuate pale anaposindikiza.

Tafuta koncheto hiyo kwenye simu, ila usiisikilize kwa spika ya simu. Inameza besi yote, na Rachmaninoff bila besi hajakamilika. Vaa vya masikioni. Piano inaanza peke yake, kwa mafungu manane mazito ya nota, kila moja likijibiwa na nota moja ya chini kabisa, kutoka kwenye mnong'ono hadi kishindo, kama kengele za kanisa zinazokusogelea. (Wapiga piano wengi mikono yao haifiki, inabidi wayavunje mafungu hayo na kuzipiga nota moja moja kwa haraka. Yeye alikuwa na viganja vikubwa ajabu.) Kisha okestra inaingia na wimbo wenyewe, fidla zikiimba kwa sauti nzito ya chini. Na yule mpiga piano tuliyekuja kumsikiliza, anafanya nini? Anawasindikiza. Vidole vinakimbia kweli kweli, lakini vinakimbia chini ya wimbo wa wengine. Siku niliyoligundua hilo nilirudisha mwanzo mara tatu. Ndiyo kazi yangu ya kila Jumapili ile! Sikuwa nimejua kwamba inaweza kuwa nzuri kiasi hicho.

Ukishazoea hapo, kaa na sehemu ya pili peke yake kwa wiki nzima. Piano inatiririka taratibu, filimbi inaanza kuimba juu yake, klarineti inapokea. Baadaye wanabadilishana, piano inaimba na wengine wanaishikilia. Usiharakishe kwenda sehemu ya tatu.

Historia yake nayo ijue, maana ni nzito. Machi 1897, Rachmaninoff hajatimiza miaka 24, simfoni yake ya kwanza, yaani utungo mrefu wa okestra nzima, ilipigwa mjini St. Petersburg. Mazoezi hayakutosha na ikaharibika vibaya. Mtunzi mwenzake, César Cui, aliandika gazetini akiifananisha na mapigo ya Misri ya kwenye Biblia. Kwa takriban miaka mitatu kijana huyo karibu hakutunga kitu. Mwanzoni mwa 1900 ndugu zake walimpeleka kwa daktari mmoja wa Moscow, Nikolai Dahl, aliyetibu kwa mazungumzo na hipnosi, yaani kumtuliza mgonjwa kama aliye nusu usingizini na kumsemesha, na ambaye mwenyewe alipenda sana muziki. Koncheto ya pili imetunukiwa daktari huyo.

Kuna jambo moja hapo ambalo wengi hulipita haraka. Hakuanza na mwanzo. Desemba 1900 alipanda jukwaani Moscow na sehemu ya pili na ya tatu tu, na ile ya kwanza yenye kengele aliimalizia mwaka uliofuata. Koncheto nzima ilisikika Novemba 1901, binamu yake Alexander Siloti akiongoza okestra. Mimi niliwahi kuacha kinanda miezi minne kwa sababu ya maneno niliyoambiwa baada ya ibada ya Pasaka. Nilipotaka kurudi nilijilazimisha kuanza na wimbo uleule ulionishinda, nikazidi kuvunjika moyo. Nilirudi kweli siku nilipoanza na pambio dogo ambalo mikono ilikuwa bado inalikumbuka. Kama umekwama, anza unapopaweza, hata kama ni katikati.

Baada ya hiyo nenda koncheto ya tatu, aliyoitunga kwa ajili ya safari yake ya kwanza ya Marekani na kuipiga New York tarehe 28 Novemba 1909. Melini alifanyia mazoezi kwenye kinanda kisichotoa sauti. Utasikia watu wakiisifu kwa ugumu wake, nami nakusihi usiiendee kwa sababu hiyo. Sikiliza unavyoanza ule wimbo: mikono yote miwili inapiga nota zilezile, mmoja juu na mwingine chini, wimbo mwepesi ambao wanakwaya wangu wangeushika jioni moja.

Ya kwanza aliitunga akiwa kijana wa miaka 17 na 18, akaifumua upya 1917 wakati mapinduzi yakiendelea Urusi. Desemba ya mwaka huo aliondoka na familia yake, wala hakurudi tena. Ya nne, ya 1926, ni ngumu kuipenda. Mwenyewe aliikatakata na kuirekebisha hadi 1941. Iache mwisho.

Na usikose kumsikiliza yeye mwenyewe. Alirekodi koncheto zote nne na Okestra ya Philadelphia, ile ya pili mwaka 1929, Leopold Stokowski akiongoza okestra. Rekodi inakwaruza, lakini baada ya dakika mbili sikio linazoea. Wapiga piano wengi wa leo huvuta sana mwendo penye utamu, na mimi nilikuwa nikidhani ndivyo alivyotaka. Yeye anapita pale pale kwa mwendo wake, hachelewi, na fidla zinapata nafasi ya kuimba.