Vimelea vya ndege wahamaji: anza na umri wa ndege, si na damu yake

Wengi wanaoingia katika kazi hii hukimbilia damu. Wanajifunza kuchoma mshipa, kutandaza damu kwenye kioo na kutafuta malaria kwa hadubini, na msimu ukiisha wana daftari lililojaa "anacho" na "hana". Halafu mtu anauliza swali moja tu: huyu mbayuwayu wa Naivasha kaambukizwa wapi, huku au alikozaliwa? Safu ya umri iliachwa tupu, basi jibu hakuna.

Ndege mhamaji huumwa na mbu sehemu anakozalia, njiani, na huku anakokuja kukimbia baridi. Umri ndio unaotenganisha. Kinda ambaye bado hajaondoka alikoanguliwa, akikutwa na kimelea, ameambukizwa hapo hapo. Huo ni ushahidi safi. Upande wa pili, ukikuta ukoo uleule wa kimelea, yaani aina ileile kwa DNA, kwa ndege mkaazi wa Afrika, asiyehama hata kidogo, ujue unaenezwa huku. Ndege mzima aliyekwisha safiri hakuthibitishii chochote kuhusu mahali.

Mfano mzuri uko Ziwa Kvismaren, Sweden, ambako ndege wa matete aitwaye Acrocephalus arundinaceus wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1980. Majira ya baridi huja Afrika kusini mwa Sahara. Makinda wa Sweden hawana malaria ya ukoo wa GRW4, lakini wazima waliorudi kutoka Afrika wanayo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund walionyesha kwamba ndege wenye malaria sugu, vimelea vichache mno na dalili hakuna, walikuwa na ncha za kromosomu zilizofupika haraka zaidi, waliishi muda mfupi zaidi na waliacha watoto wachache zaidi. Ukimshika ndege wa namna hiyo utaandika "mzima wa afya", na kwa siku hiyo hukukosea.

Kwa mbayuwayu wa kawaida, wale wenye koo jekundu wanaofika Afrika Mashariki kuanzia Septemba, umri usomwe mapema. Mwanzoni mwa msimu kijana ana mkia mfupi, na wekundu wa koo umepauka. Lakini wazima kwa vijana hubadilisha manyoya yote wakiwa huku, na wakimaliza hutaweza tena kuwatenganisha kwa macho. Mwezi Machi ukiandika "kijana" kwa sababu mkia umeonekana mfupi, unabahatisha. Andika "umri haujulikani" na uendelee. Na andika hatua ya kubadilisha manyoya, unyoya kwa unyoya kwenye bawa, kwa sababu ndege aliyechelewa kumaliza huenda akachelewa kuondoka, na anayechelewa kufika anakozalia hukuta sehemu nzuri zimeshachukuliwa.

Kabla ya sindano kuna jambo ambalo hata wazoefu hulipuuza. Wavu hunasa ndege anayeruka. Malaria ikiwa katika siku zake kali ndege huinama tawini, haendi kutafuta chakula, wengine hufa. Kwa hiyo sampuli yako ni ya waliopona na ambao hawajaugua. Ukilinganisha wenye vimelea na wasio navyo, ukakuta uzito ni uleule, usiandike kwamba kimelea hakina madhara. Walioumizwa zaidi hawakufika wavuni.

Sasa damu. Kiwango cha juu ni asilimia 1 ya uzito wa ndege. Mbayuwayu wa gramu 18 ana mwisho wa mikrolita 180 hivi, na huhitaji hata theluthi yake. Chembe nyekundu za ndege zina kiini, tofauti na zetu, kwa hiyo tone dogo tu lina DNA ya kumwaga: mikrolita 10 hadi 20 zinatosha PCR, kipimo kinachozidisha DNA ya kimelea hadi ionekane. Choma mshipa wa bawa kwa sindano ya geji 26 au 27, kinga tone kwa mrija wa kapilari, bonyeza pamba kwa dakika moja kamili. Ukiinua pamba kila baada ya sekunde kumi kuchungulia, damu itaendelea kutoka na bawa litavimba.

Tandaza damu papo hapo. Ikikaa hewani dakika chache, gametositi (hatua ya kimelea inayosubiri kuingia kwa mdudu) za Haemoproteus, ndugu wa malaria, huanza kuviringika na kutoka ndani ya chembe, zikidhani zimeshaingia tumboni mwa mdudu, na umbo ulilotakiwa kulitambua limepotea. Tandaza vioo viwili au vitatu kwa kila ndege, utando mwembamba, kisha ukaushe kwa sekunde chache. Pwani hapa ndipo kazi huharibika. Unyevu wa Watamu au Bagamoyo hufanya damu ikauke polepole, chembe zikajikunja na kutoboka, na mwanafunzi anayaona matobo anayaita vimelea. Kifeni kidogo cha betri kinamaliza tatizo hilo. Methanoli, inayogandisha damu kwenye kioo, nayo hunyonya maji ya hewani, kwa hiyo funga chupa na ubadilishe mara kwa mara. Loweka vioo kwenye methanoli dakika 1 hadi 3 siku hiyo hiyo. Usiviache usiku kucha mezani bila kuvilowesha, maana sisimizi na mende hula damu kavu, asubuhi utakuta vioo vyeupe. Namba iandikwe kwa penseli kwenye sehemu iliyokwaruzwa. Wino wa kalamu hufutwa na methanoli. Na formalini ikae mbali kabisa na sanduku la vioo, kwani mvuke wake huharibu rangi ya Giemsa.

Giemsa ya asilimia 10, saa moja, maji yenye pH ya 7.0 hadi 7.2. Kwenye hadubini anza na ukuzaji wa mara 400, kisha 1000 kwa mafuta, angalau nyuga 100 kwa kila ukuzaji. Kimelea kinachojigawa ndani ya chembe nyekundu ni Plasmodium, kinachoenezwa na mbu. Ukiona gametositi peke yake, zenye punje za kahawia, fikiria kwanza Haemoproteus, ambacho huenezwa na vijidudu vidogo vinavyouma jioni na pia inzi bapa wanaoishi kwenye manyoya. Kisicho na punje za kahawia kabisa, huku chembe iliyokihifadhi imepindishwa isitambulike, ni Leucocytozoon, kinachoenezwa na usubi, inzi wale wale wa mito yenye maji ya kasi. Kwa hiyo andika pia umbali wa mto au bwawa kutoka kwenye wavu.

PCR ya jeni ya saitokromu b, kipande cha jozi 479 za herufi za DNA, ndiyo inayotumika kwa sababu ukoo utakaoupata unaweza kulinganishwa na MalAvi, hazina ya koo za vimelea vya ndege. Weka sampuli tupu, isiyo na DNA, katika kila kundi, na sampuli iliyotoka hasi irudiwe. Maambukizi sugu huwa na vimelea vichache kiasi kwamba kipimo kimoja hukosa. Ukiona vilele viwili mahali pamoja kwenye mchoro wa mfuatano wa DNA, ndege ana vimelea vya koo mbili. Usichague kimoja ukaendelea. Na DNA peke yake haithibitishi kwamba kimelea kimekomaa ndani ya ndege huyo. Kioo ndicho kinachoonyesha hilo, ndiyo maana mtu anayekuambia hadubini imepitwa na wakati usimsikilize.

Vimelea vya nje vinahitaji mifuko. Kila ndege na mfuko wake safi wa pamba, kwa sababu inzi bapa hukimbia upesi na hurukia ndege wa pili ndani ya mfuko ule ule, nawe utamhesabia asiyemhusu. Inua bawa kwenye mwanga kutafuta matundu ya chawa. Kupe watafute pembezoni mwa macho, masikioni na kwenye pembe za mdomo. Wavute kwa kibanio chembamba karibu na ngozi, moja kwa moja, bila kuzungusha. Masika ndege huwabeba kupe wachanga wa Hyalomma kutoka Afrika hadi Ulaya, na jamii hiyo ya kupe hueneza virusi vya homa ya Crimea-Congo. Vaa glavu, na kamwe usimpasue kupe kwa kucha.

Kwenye viota, utitiri. Mfugaji wa kuku anaufahamu. Ornithonyssus bursa ni utitiri wa kuku, na ndio huo huo uliochunguzwa kwa miaka mingi kwenye viota vya mbayuwayu huko Denmark. Kipimo ni rahisi: weka mkono ukingoni mwa kiota kwa sekunde kumi, hesabu wanaotembea juu yake. Pima siku ileile ya umri wa makinda kila kiota, kwa kuwa utitiri huongezeka kadiri makinda wanavyokua, na kiota cha siku ya 5 hakilinganishwi na cha siku ya 15.

Lakini kuhesabu hakutoshi. Ndege dhaifu huenda akawa na vimelea vingi kwa sababu ni dhaifu. Unaweza kujua kipi kilitangulia kwa jaribio tu: wengine watibiwe, wengine wapewe maji ya chumvi yasiyo na dawa. Hispania, mbayuwayu wa jenasi Delichon waliopewa primakwini, dawa ya malaria, dhidi ya Haemoproteus walitaga mayai asilimia 18 zaidi ya wasiotibiwa. Tofauti ilikuwa asilimia 39 kwenye kuangua na 42 kwenye makinda waliotoka kiotani. Angalia jinsi pengo linavyopanuka hatua kwa hatua. Aliyehesabu mayai tu angeona chini ya nusu ya hasara.

Mazingira ndiyo yanayochanganya zaidi. Mvua huleta mbu, na mvua hiyo hiyo huleta wadudu wa kuliwa. Kati ya 1968 na 1969 ndege wa Curruca communis (zamani Sylvia communis) wanaozalia Uingereza walipungua kwa zaidi ya theluthi mbili, na chanzo kilikuwa ukame wa Sahel, na ukame hupunguza mbu pia. Kwa hiyo mwaka mkavu wenye malaria kidogo si lazima uwe mwaka mzuri. Chukua takwimu za mvua za kila mahali ndege anapopita, si za kituo chako tu. Wanaonaswa Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu Novemba na Desemba, wengi wamekwisha kukaa wiki kadhaa Ethiopia au Sudan, na mafuta waliyo nayo ni habari ya huko.

Wakati mwingine kimelea hakihusiki kabisa. Vitwitwi wa Calidris ferruginea wanaokula kwenye matope ya Mida Creek, pwani ya Kenya, huishi ufukweni na kuzalia kaskazini ya mbali, Siberia, ambako waenezaji wa vimelea vya damu ni wachache. Idadi ya vijana wao hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu ya panya wa tundra: panya wakiwa wengi mbweha hula panya, wakiisha mbweha hugeukia mayai na makinda. Ukikosa vijana Mida mwaka huu, usianze kununua vitendanishi vya PCR.

Mwisho, kutomwona tena ndege si kufa. Mbayuwayu anayelala kwenye matete huku anaweza kuhamia malalo mengine kilomita nyingi mbali mwaka ujao. Ndege mwenye vimelea anaweza pia kunaswa kwa urahisi zaidi au kwa taabu zaidi kuliko mwenzake. Hesabu ya uhai itenganishe uwezekano wa kuishi na uwezekano wa kunaswa, na ili iweze kufanya hivyo inahitaji angalau misimu mitatu ya nyavu zilezile, sehemu zilezile, kwa saa zilezile. Andika pia siku ambazo nyavu zilifunguliwa na hakuna aliyenaswa.