Usiuze Kaboni Ambayo Hujaipima

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Ndugu, nimeacha kulima kwa trekta, mabaki yote natandaza shambani. Lini nitaanza kulipwa kaboni?" Yaani zile hela ambazo wanunuzi humlipa mkulima kwa kaboni aliyoivuta toka hewani na kuihifadhi udongoni. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Miaka sita iliyopita ningeuandika mimi ujumbe huo.

Nilikuwa na pupa. Nilipima udongo wa juu tu, sentimita 10, nikaweka plau stoo na kuanza kutandaza. Miaka minne baadaye (ya katikati ilikuwa palizi na panya, tuiruke) maabara ikasema kaboni imepanda. Nilijigamba hadi kwa wakwe! Nikamwita mnunuzi wa kaboni.

Mtaalamu wake alikuja na bomba la kuchukulia sampuli, akashuka hadi sentimita 30, akapima na uzito wa udongo kwa ujazo wake. Akachimba pia kwa jirani anayelima kila msimu. Ukijumlisha tabaka zote, tulikaribia kulingana. Plau huchanganya mabaki mpaka chini, kutolima huyaacha juu. Kaboni yangu ilikuwa imehama ghorofa tu. Mkataba ukaishia hapo. Bado inaniuma, hasa ile "pole, mzee" yake huku akifunga buti la gari.

Kwa hiyo pimeni kwanza, na pimeni kwa kina. Mnataka hela za udongo lakini kushika koleo hamtaki! Na msinijie na hesabu za samadi ya kununua: hiyo ni kaboni iliyotolewa shamba la mwenzako, hewani haijapungua kitu. Inayohesabika ni ile ambayo mimea yako imeivuta, ndiyo maana sasa kila msimu napanda mimea ya kufunika udongo yenye mizizi mirefu. Tani 1 ya kaboni inayobaki ardhini ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Ila udongo nao hujaa. Kule Rothamsted, Uingereza, wanafuatilia mashamba ya majaribio tangu 1843, na yanayopewa samadi kila mwaka kaboni yake ilipanda haraka mwanzoni, kisha mwendo ukapungua. Ukirudisha plau, sehemu ya ulichoweka inarudi hewani.

Ndugu yangu, unazo sampuli za sentimita 30 za kabla hujaacha trekta? Kama huna, kachimbe wiki hii, uandike tarehe na mahali ulipochimba. Pimeni kwanza, narudia.

Zangu za safari hii ziko maabara. Wakwe sijawaambia.