Pakiti Tatu Zinatosha, na Usimsikilize Mwenye Sanduku

Juma hili msomaji wa Bungoma ameniandikia. Ana boksi la msingi la Marvel Champions, mchezo wa kadi wa mashujaa wa Marvel, ameweka akiba ya pakiti tatu za nyongeza, anauliza anunue zipi. Swali la maana. Lakini mwishoni akaongeza kwamba kuna jamaa amemwambia asiye na boksi za X-Men bado hajaanza kucheza. Hapo nikaweka kikombe chini, maana jamaa huyo namjua. Si yeye hasa, ila namjua.

Kwa wageni nitasema kwa ufupi. Mchezo huu ulitolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2019. Mnacheza mmoja hadi wanne, nyote upande mmoja, dhidi ya adui anayeendeshwa na fungu lake la kadi. Hakuna bahati nasibu. Pakiti ya Captain America utakayofungua Kisumu ina kadi 60 zile zile zilizomo kwenye ya mtu wa Chicago, kwa hiyo hununui ukiomba Mungu kadi nzuri itoke. Hilo peke yake lingetosha kutufanya watu watulivu. Wapi! Sote tunaota rafu iliyojaa, kila shujaa na kila adui, tena kwa mpangilio wa miaka.

Zamani tulikuwa na kikundi chetu cha Jumamosi. Tulikutana kwenye mkahawa mmoja mjini, si mbali na Oginga Odinga Street, meza ndefu ya nyuma, na mhudumu aliyetuvumilia mradi chai na mandazi viendelee kuagizwa. Kadi zilikuwa zangu. Kila aliyeketi pale nilimfundisha mimi. Ukiwa umevaa ushujaa adui anakushambulia. Ukirudi kuwa raia anaacha kukupiga anaendeleza njama yake, na njama ikijaa mmekwisha hata kama afya mnayo tele. Unaruhusiwa kubadilika mara moja kwa zamu. Nusu ya akili ya mchezo iko hapo, na nilikuwa nairudia kila Jumamosi kwa kila mgeni bila kuchoka.

Kisha akaja bwana mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo na sanduku. Si mkoba, sanduku la safari lenye magurudumu. Ndani yake kulikuwa na boksi kubwa za nyongeza, The Rise of Red Skull, Galaxy's Most Wanted, Thanos na watu wake, X-Men, na pakiti za mashujaa zimepangwa kama sabuni dukani. Watu walisimama kuangalia. Mimi pia nilisimama, sikatai.

Shida haikuwa sanduku. Alikuja na mafungu ameshayapanga nyumbani, kadi kali tupu, akamgawia kila mtu lake. Tukashinda upesi, watu wakapiga picha. Nikamuuliza kijana aliyekaa kando yangu kadi aliyomalizia adui inafanya nini, akaigeuza akaanza kuisoma. Jumamosi nyingine nikamtoa Rhino, adui wa kwanza kabisa wa boksi la msingi, kwa sababu kulikuwa na mgeni. Bwana akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Boss, hiyo si ni ya watoto?" Wakacheka. Baadaye kidogo wakafungua kikundi kipya cha WhatsApp bila mimi. Hakuna aliyeniambia, niliona picha kwenye stetasi ya mtu, meza ile ile, mandazi yale yale.

Nimesamehe. Lakini sijasahau, na ndugu yangu wa Bungoma ni lazima uelewe ushauri huu unatoka wapi.

Chukua boksi la msingi ulilo nalo uhesabu. Kuna mashujaa watano: Spider-Man, She-Hulk, Captain Marvel, Iron Man na Black Panther. Kila mmoja unaweza kumchanganya na mojawapo ya rangi nne za kadi, yaani nyekundu ya mashambulizi, njano ya haki, bluu ya uongozi au kijani ya ulinzi. Kuna maadui watatu, Rhino, Klaw na Ultron, na vifurushi vidogo vitano vya kuwaongezea fujo, kama ule wa mabomu au ule wa Hydra. Tano mara nne mara tatu mara tano ni 300. Michezo 300 tofauti ya mtu mmoja, kabla hujabadilisha hata kadi moja ndani ya fungu, na kabla hujapandisha kwenye kiwango cha wataalamu ambako adui anaanzia hatua yake ya pili. Nani kati yetu ameimaliza hiyo? Yule bwana hajamfikia Klaw.

Baada ya mambo yale nilibaki nacheza na mpwa wangu, binti ya dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado sekondari. Nilimnunulia Ms. Marvel. Kamala Khan ni msichana Mwislamu wa Jersey City anayeweza kurefusha mwili wake, na mpwa wangu alimpenda papo hapo, hasa alipogundua kwamba hasimu wake binafsi anaitwa Thomas Edison. "Mjomba, huyu wa taa?" Ndiyo, huyo huyo, kwa namna fulani ya ajabu. Kila shujaa huja na hasimu wake na jukumu lake la nyumbani. Kadi ya jukumu huchanganywa kwenye fungu la adui tangu mwanzo, na za hasimu hukaa kando hadi kadi fulani ya adui imwite. Usizipuuze. Hizo ndizo hufanya shujaa mmoja asiwe sawa na mwingine.

Usiku mmoja stima ilipotea mtaa mzima tukawa na taa ya sola tu. Tukaamua leo ni Ultron kwa kiwango cha wataalamu. Ultron ana tabia mbaya ya kuchukua kadi ya juu kutoka kwenye fungu lako na kuiweka mbele yako kifudifudi, na kadi hiyo inakuwa droni yake. Yaani anakupiga kwa mali yako. Mimi nilikuwa Iron Man, ambaye akivaa ushujaa bila vifaa vyake hushika kadi moja tu mkononi, na kila kifaa anachovaa kinamwongezea nyingine. Bila vifaa ni mzee tu. Sasa zikashuka droni mbili mbele yangu, na vifaa vyangu sivioni.

Ms. Marvel akarefusha mkono akapiga moja kutoka upande wake wa meza. Droni ikifa kadi inarudi kwenye rundo la zilizotumika la mwenyewe, basi nikaigeuza. Arc Reactor. Kifaa nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo kilikuwa kinanipiga. Mpwa wangu alicheka mpaka akagonga taa. Lakini mezani nilikuwa na Stark Tower, na Stark Tower, ukiwa Tony Stark wa kawaida, inarudisha mkononi kifaa cha juu kabisa kwenye rundo hilo. Nikageuka raia, nikakichukua, nikakilipia, na zamu iliyofuata nikarudi hewani. Tulimwangusha Ultron raundi chache baadaye, njama ikiwa imebakiza nafasi ndogo sana kujaa.

Angalia sasa: ukiacha Ms. Marvel, kila kitu katika usiku ule kilitoka kwenye boksi la msingi. Arc Reactor ile ile, Stark Tower ile ile, ambazo kila mwenye mchezo anazo. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tumezicheza hadi tukazijua. Kujua kadi hakununuliwi, ndugu zangu. Vijana mnakopa kwenye simu kununua boksi ambalo litakaa na nailoni yake miezi, halafu mnasema mchezo umeisha utamu. Mchezo haujaisha utamu, nyinyi ndio hamjaketi nao. Cheza pakiti uliyo nayo. Ukidhani umeimaliza, mbadilishie shujaa rangi uicheze tena.

Haya, pakiti zenyewe. Ya kwanza nunua Captain America. Inakuja na rangi ya uongozi, na Steve Rogers, yaani Captain America akiwa raia, hupunguziwa gharama ya kadi ya mshirika ya kwanza kila raundi. Washirika ndio uhai wako: adui akishambulia, mwache mshirika ajitose mbele, apokee pigo, aondoke. Mezani wanaruhusiwa watatu kwa wakati mmoja kwa kawaida, kwa hiyo usiwaonee huruma, nafasi itajazwa. Ya pili ni Ms. Marvel, sababu nimeshaeleza. Ya tatu usinunue shujaa, nunua pakiti ya adui, ile ya Green Goblin, maana wengi tunaongeza mashujaa kisha tunalalamika kwamba maadui ni wale wale.

Doctor Strange ni mkali mno. Ana fungu la pembeni la kadi tano za uganga, na akishazoeleka wenzako wanabaki kumsindikiza. Mnunue ukicheza peke yako. Na Storm, bila shaka, utamtaka. Mimi ninaye. Vitabu vya katuni vinasema mama yake alikuwa Mkenya, na hiyo ni sababu tosha ya kumpenda, lakini yule hugeuza hali ya hewa mezani kila mara na anayeanza atapotea. Mwache kwanza.

Kuhusu kuzipata: mimi hapa Kisumu sijabahatika duka la kuzikuta rafuni, nategemea mtu anayesafiri. Mwambie azitoe kadi kwenye boksi, azifunge na mpira, aache kartoni huko huko. Kampuni moja iliwahi kunitoza kwa ukubwa wa boksi badala ya uzito, na boksi lenyewe nusu yake lilikuwa hewa. Ukiagiza kwa posta hesabu na ushuru kabla hujafurahi.

Ukishazipata, zivalishe. Kadi ni milimita 63 kwa 88, kipimo cha kawaida, na mifuko yake ya plastiki si ghali kama kadi zenyewe. Sisi wa karibu na ziwa tunajua unyevu. Msimu wa masika kadi isiyovalishwa inajikunja yenyewe, na iliyojikunja ukiichanganya kila mtu anajua iko wapi. Zangu ziko ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Na usimwazimishe mtu. Nilimwazimisha mtu wa kile kikundi pakiti yangu ya Black Widow kabla mambo hayajaharibika, mpaka leo nasikia yuko safarini.

Juzi mpwa wangu, ambaye sasa yuko chuo, alinitumia tangazo la mtandaoni: sanduku zima la Marvel Champions linauzwa, boksi kadhaa bado zina nailoni. Niliitambua ile meza kwenye picha. Akaniuliza, "Mjomba, tununue?" Nikamwambia hapana, ila nikaangalia picha zote hadi mwisho.

Jambo dogo la mwisho kabla sijasahau. Nina Hulk ninayetaka kumtoa. Ni shujaa mgumu kumpenda, kwa kuwa kila zamu yake ikiisha anatupa kadi zote zilizobaki mkononi, huwezi kujiwekea hata moja ya kujikinga. Kadi zote zipo, zimevalishwa, hazijajikunja. Mwenye Black Widow isiyo na doa la chai tubadilishane moja kwa moja. Napatikana soko la Kibuye Jumapili asubuhi, na sitaongeza hata shilingi.