Maswali yenu: Takwimu na epidemiolojia kwa wanafunzi wa udaktari, mtandaoni

Safari hii maswali yametoka mkoani Kigoma, kwa wakufunzi na wanafunzi. Nimeyafupisha.

Nimerekodi mihadhara yangu yote ya epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), kila mmoja saa moja na nusu. Wanafunzi wanafungua, wanatazama kidogo, wanaacha. Niikate vipande? (Mkufunzi, Kasulu)

Kata, mwalimu, ila mkasi peke yake hautoshi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mamilioni ya vipindi vya kutazama video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Video iwe ndefu vipi, mtazamaji wa kawaida hakuvuka dakika sita hivi. Lakini mhadhara unaochosha ukiukata mara kumi na tano, utapata mihadhara kumi na mitano inayochosha.

Tanguliza swali, video ije nyuma. Kozi nyingi hufungua na John Snow, daktari aliyehusisha kipindupindu na maji ya pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854. Kisa kizuri, sikatai, lakini ninyi mna Kagunga. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana katika kijiji hicho cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka, na kufikia tarehe 22 mwezi huo shirika la wakimbizi la UNHCR lilitaja wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Wape wanafunzi namba hizo mbili tu. Katika kila wagonjwa 100 walikufa wangapi? Watapata mmoja na chembe, na hapo uwaambie kwamba WHO hutaka vifo vya kipindupindu vikae chini ya asilimia 1. Kisha wabane zaidi: hao 3,000 ni wote waliougua, au ni waliofika kutibiwa? Na ukitaka kujua ni sehemu gani ya watu wa Kagunga iliugua, utagawanya kwa idadi ipi, ilhali meli ya MV Liemba inawahamishia watu Kigoma mjini na wengine wanazidi kuingia? Mwanafunzi aliyehangaika na swali hilo la mwisho hatasahau tena kuuliza "kati ya wangapi?"

Kila mmoja aandike jibu lake kabla video haijafunguka, hata kama anabahatisha.

Shikamoo. Fomula za unyeti na umahususi wa kipimo nazikariri usiku, asubuhi zimeyeyuka. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa udaktari, Ujiji)

Marahaba. Achana na fomula kwanza, hesabu watoto. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta karibu asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kigoma wana malaria kwa kipimo cha haraka. Chukua watoto 1,000: 240 wanaumwa, 760 hawaumwi. Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, kipimo kinawanasa wagonjwa 90 katika kila 100 (huo ndio unyeti), na kinawasingizia wazima 5 katika kila 100 (wale 95 kisiowasingizia ndio umahususi). Wagonjwa watakaonaswa ni 216, wazima watakaosingiziwa ni 38. Majibu chanya ni 254, na 216 kati yake ni ya kweli, yaani asilimia 85.

Sasa kibebe kipimo kilekile hadi mkoa ambako mtoto 1 tu kati ya 100 ana malaria. Katika watoto 1,000 wagonjwa ni 10, unanasa 9. Wazima ni 990, unawasingizia kama 50. Majibu chanya 59, ya kweli 9. Asilimia 15! Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mahali. Watafiti Gigerenzer na Hoffrage walionyesha mwaka 1995 kwamba watu hupatia hesabu za namna hii mara nyingi zaidi wakipewa idadi ya watu badala ya asilimia.

Kwa mnaotengeneza kozi: ukurasa ambao mwanafunzi anabadilisha mwenyewe idadi ya wagonjwa katika kila 100 na kuona jibu linavyocheza una thamani kuliko slaidi ishirini.

Mtandao huku unakuja na kuondoka, na bando ni hela. (Mratibu wa mafunzo, Kibondo)

Basi buni kozi kana kwamba mtandao haupo. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, inaruhusu kupakua somo na kulifanyia kazi nje ya mtandao, OpenEpi, kikokotoo cha epidemiolojia, nayo unaweza kuipakua ukafanya hesabu bila bando. Video weka chache, za ubora wa chini, na kila moja iwe na maandishi yake.

Kwa programu za takwimu, tufundishe SPSS au R? (Mkufunzi, Kigoma mjini)

R, kwa kuwa ni bure. Lakini si wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza peni na karatasi.

Mtihani wa mtandaoni unafika WhatsApp kabla sijamaliza kunywa chai. (Mkufunzi, Kasulu)

Unafika kwa sababu jibu ni moja kwa wote. Mpe kila mmoja jedwali lenye namba zake, kisha alama nyingi ziende kwenye tafsiri: je, utambadilishia mgonjwa huyu dawa kwa matokeo haya, na kwa nini? Chagua wachache uwapigie simu dakika tano wakueleze walichoandika. Kamera za kumlinda mtahiniwa mimi siziamini. Zinakula bando, na anayetaka kuibia ataibia.

Tunaweza kutumia rejesta halisi za wodi kama mazoezi? (Muuguzi mkufunzi, Uvinza)

Kufuta majina hakutoshi. Mama wa miaka 43, kijiji fulani, kifafa cha mimba, tarehe fulani: kijiji kizima kinamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ukitaka za kweli anza na kibali cha hospitali. Njia nyepesi ni kutumia jumla za mwezi za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, au utunge rejesta yako: vichwa vya jedwali vilevile, wagonjwa wa kubuni. Na usiisafishe. Acha umri wa miaka 210, acha mwanamume aliyejifungua, acha safu zisizo na tarehe, kwa sababu ndivyo rejesta zilivyo, na kuzisafisha ndiyo nusu ya kazi.